Nafasi ya Kukua

Viatu vilitoka Amerika ndani ya sanduku la shangazi wa mwanafunzi wangu, vimeviringishwa kwenye taulo pamoja na mafuta ya kujipaka. Mama wa mtoto huyo aliniletea mwenyewe Jumapili moja, kutoka Ekerenyo hadi kwangu Nyanchwa kwa bodaboda, na ndizi juu yake. Aliviweka mezani kama mtu anayeleta ushahidi. Vilikuwa viatu vya baleti, vile vya kusimamia ncha za vidole, satini ya waridi, mbele vigumu kama ubao. Binti yake alikuwa na miaka kumi na mmoja na alikuwa ameanza kujifunza baleti kwangu akiwa na saba. Nilivigeuza nikasoma namba.

"Ni vikubwa, mama."

"Si atakua, Mwalimu."

Sikuweza kumlaumu. Huku kwetu nani humnunulia mtoto kiatu kinachomtosha? Cha shule huchukuliwa namba mbili mbele, hujazwa gazeti puani, na mtoto hukivaa tangu darasa la nne hadi la sita. Mimi pia nilikua hivyo, nikiburuta visigino kwenye matope. Shangazi alikuwa amefanya kama shangazi yeyote mwenye akili. Tatizo ni kwamba kiatu hiki hakina subira. Kikilegea, uzito wote wa mwili huporomoka juu ya kidole gumba, na kifundo huanguka upande. Nilimweleza hayo nikizunguka chumba, maana mimi si mtu wa kukaa, na kila nilipozunguka shingo yake ilinifuata.

"Na hata vingemtosha," nikasema, "mtoto mwenyewe bado."

"Bado nini?"

Swali hilo lilinikaa. Wazazi hudhani ni umri. Umri ni mwanzo tu. Natazama kama goti linanyooka bila kusukumwa, kama tumbo linashika mgongo, kama unyayo ukinyooshwa unafuata mstari wa mguu au unapinda kama ndizi. Kisha namsimamisha mtoto kando ya bomba la maji tulilolifunga ukutani liwe la kushikilia, mguu mmoja, bila kushika, na ninamwambia apande juu ya vidole na kushuka polepole mara kumi na sita. Kifundo kikiyumba, tunarudi nyumbani. Siku ile yule mtoto, aliyekuja na mama yake, alifika tisa. Viatu vikarudi Ekerenyo ndani ya taulo lao.

Lazima niseme habari ya mguu wangu, ingawa siipendi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Nairobi, na mwalimu wangu alitaka mtu wa kusimama juu ya vidole kwenye onyesho la mwisho wa mwaka. Hakuna aliyetazama vifundo vyangu. Nilisimama, watu wakapiga makofi, na kiungo cha kidole gumba hakijanisamehe hadi leo. Mvua ikikaribia, huuma. Na hapa Kisii mvua hukaribia karibu kila alasiri.

Basi tukaanza kuhesabu. Jumamosi ni Sabato kwa wengi wa huku na mlango hufungwa, kwa hiyo hesabu ilikuwa ya Jumapili. Mtoto alikuwa na nguvu zake tayari, za kushuka mteremko wa majani chai na kikapu mgongoni, peku. Alifika kumi na mbili, kumi na nne. Mvua za masika zilipoanza alifika kumi na sita, akanitazama. Nikamwambia sasa ni ishirini. Alipofika ishirini nikasema ishirini na nne. Alipofika ishirini na nne nikasema kifundo kimecheza.

Kilikuwa kimecheza? Sikuwa na hakika. Wiki hiyo sikutulia. Nilifagia ubao wa sakafu ambao ulikuwa safi. Nilitembea hadi Nyakoe kununua parachichi, na nyumbani nilikuwa nazo nane.

Mama wa mtoto alikuwa akipiga simu.

"Mwalimu, huyu mtoto ako tayari ama bado?"

"Bado kidogo, mama."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka."

Alicheka, lakini si sana. "Ndizi ukikata mapema inanyauka, hiyo najua. Lakini ukiiacha sana, ndege hawakuulizi." Kisha akakata simu. Nilikasirika hadi jioni.

Mwaka ukapita hivyo, na mwingine ukafika katikati. Kulikuwa na Jumapili moja ya mvua kubwa, bati likipiga kelele, na mguu wangu ukiuma kama umeitwa. Nilikuwa dirishani, nimewapa watoto mgongo, nikaisahau hesabu. Nilipogeuka, yule mtoto alikuwa bado anapanda na kushuka. Wenzake walikuwa wakimhesabia kwa Kigusii na walikuwa wamepita thelathini. Nikachuchumaa mbele ya kifundo chake. Nilitafuta kosa kwa bidii, kama mtu aliyepoteza funguo. Goti limenyooka. Mgongo umetulia. Kifundo hakikwenda popote. Na tangu lini? Hapo nikaona haya, kwa sababu nilijua. Miezi mingi sikuwa nikipima mguu wake. Nilikuwa nikiuguza wangu.

"Jumapili ijayo," nikasema, "uje na viatu."

Alikuja navyo, na mama yake nyuma yake amevaa nguo ya kanisani. Watoto wengine wakakaa chini kutazama. Akaketi kwenye benchi, akafungua taulo, akaingiza vidole. Kisigino kikakataa. Akavuta. Nikapiga magoti nikavuta pamoja naye, nikalegeza kamba, nikajaribu na mguu wa pili. Vidole vilikuwa vimejikunja mle ndani kama ngumi. Nikavitoa.

"Uliwahi kuvijaribu nyumbani?" nikamuuliza.

"Pasaka iliyopita."

"Vilikuwaje?"

"Vilinitosha, Mwalimu."

Nilihisi hasira ikipanda, ile hasira ya mwalimu, tayari kumgombeza. "Ukasimama?"

Akamtazama mama yake, kisha sakafu. "Hapana. Ulisema bado. Nilivivaa tu nikakaa kitandani."

Hasira ikakosa pa kwenda. Nilimwona akilini amekaa pale kitandani, viatu vinamtosha, mguu uko tayari, anasubiri ruhusa ya mtu aliyekuwa akiogopa mambo yake mwenyewe. Nikamwambia anisamehe. Hakuzoea kuombwa msamaha na mtu mzima, akasema "sawa" upesi ili jambo lipite. Mama yake aliviringisha viatu kwenye taulo.

"Mdogo wake atavikuta," akasema. Hakunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Nikatandika karatasi sakafuni, nikamsimamisha juu yake peku. Nikachora mguu wake kwa penseli, nikipita karibu kabisa na ngozi, kisigino, upande, vidole vyote vitano. Ulikuwa mguu mpana, wenye nguvu, na udongo mwekundu kwenye kucha. Nikachukua rula. Mama akainama begani kwangu.

"Ongeza kidogo, Mwalimu. Bado anakua."

"Hapana, mama. Hivi ni vya sasa."

Nikaandika urefu ule ule niliouona, nikapiga picha, nikamtumia shangazi Amerika palepale nikiwa bado nimepiga magoti, kabla sijapata nafasi ya kubadili nia.