Siku Nilipomwacha Mama Mkwe Kwenye Mawe

Aibu hii nimeificha tangu miaka ile ya themanini, na msingenichokoza nisingeitoa. Tulikuwa tukikaa Gaithersburg, mke wangu Nekesa amejifungua Nafula, mamake akaja kutoka Kakamega kumwangalia mzazi. Wiki ya tatu akalalamika kuwa nyumba za Marekani ni makabati, basi mimi, mkwe mwema (mjinga wa kuzaliwa), nikasema nitampeleka anyooshe miguu kwenye ile njia ndefu ya mlimani inayopita majimbo kumi na manne, kipande kidogo tu: daraja la miguu juu ya barabara kuu, kibanda cha wasafiri, halafu mwamba wa kutazamia bonde.

Sasa kwetu mama mkwe hashikwi mkono wala hatazamwi usoni, kwa hiyo nikatangulia hatua hamsini, nikamwambia bila kugeuka, "Mama, fuata chapa nyeupe kwenye miti." Daraja tukavuka, kibanda tukapita, manyunyu yakaanza, na nikikaribia mwamba nikasikia yowe nyuma yangu.

Nikarudi mbio. Alikuwa chini kwenye mawe, mguu umepinda vibaya.

"Baba Nafula, niinue."

Nikampa mgongo, nikamjibu, "Mama, ngoja nitafute mwanamke."

Ndiyo, nilimwacha! Kibandani nikakuta wazungu wawili, wanaume wenye nguvu zao, nikawaambia nahitaji mwanamke (fikirini walivyonitazama), mama mkwe amevunjika na mimi siruhusiwi kumgusa. Wao hawakuwa wakwe zake, wangemgusa tu, lakini akili yangu ilishahama. Mmoja akauliza, "Umemwacha peke yake kwenye mvua?" Hawakungoja jibu.

Tulimkuta ameloa, anatetemeka, amejikojolea, anajifunika kwa leso ili nisione. Wakambeba, mimi nyuma na mkoba wake, na kila tuliyepishana naye hadi darajani alielezwa kwa sauti kuwa yule pale ndiye mkwe, amekataa kumshika.

Hospitalini Nekesa hakufoka. Aliuliza tu, "Angekuwa mama yako?"

Mguu haukupona sawasawa. Siku ya kurudi kwao, uwanja wa ndege ulimpa kiti cha magurudumu, akasema, "Kiti si mwili wangu, Baba Nafula. Sukuma." Nikasukuma huku nalia, nikashukuru kwamba ananipa kisogo.

Niliapa kwamba mtu akianguka mbele yangu nitamshika kwanza, mila itanisubiri. Alipofariki nilikwenda Kakamega kumzika, wazee wakanikumbusha kuwa mkwe habebi jeneza.

Nililibeba.