Tumbo la Punda Milia

Rangi ya mafuta ikichanganywa na mafuta ya taa hutoa harufu inayokwaruza koo. Juzi niliisikia nikipita duka moja la vifaa vya ujenzi, nikajikuta tena nina miaka kumi, nimesimama juu ya dawati mbele ya ukuta wa shule yetu kule Chechelesi.

Mwalimu Kinoti, aliyetufundisha kuchora, alikuwa ametugawia wanyama wanaoelekea kuisha, tuwachore ukutani. Mimi nilipata punda milia wa kwetu kaskazini, yule mkubwa mwenye masikio ya mviringo. Nilijivuna, maana baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, na aliwajua punda hao mmoja mmoja kwa mistari yao. Alisema kila mmoja amevaa shuka lake. Asubuhi moja alipokuwa akienda kazini Kipsing, alipitia shuleni, akautazama mchoro wangu, akacheka.

"Halima, huyu umemvalisha mpaka tumbo. Tumbo lake ni jeupe."

Nikanuna. "Huyu ni wangu, Baba."

"Haya, wako basi," akasema, akaenda.

Kesho yake adhuhuri, mjomba wangu Guyo aliingia uwanjani. Hakutoa hata salaam aleikum, naye si mtu wa kupita bila salamu. Alinong'ona na mwalimu, kisha akaja akasimama karibu na dawati nililopanda. Wafugaji walikuwa wamegombania kisima, akasema, na Baba alipojaribu kuwatenganisha, alipigwa risasi.

"Baba hayuko tena, Halima. Twende nyumbani."

"Wacha nimalize tumbo," nikasema.

Nikachovya brashi kwenye rangi nyeupe, nikafuta mstari mmoja, nikafuta mwingine. Niwaambie ukweli, sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mguu ulioingia ganzi. Nyumbani wanawake walisema nina moyo wa mtu mzima. Mimi nilijua nina moyo mbaya, na nilikaa na siri hiyo miaka mingi.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba ganzi ile haikuwa kukosa mapenzi. Nikamwelewa na Mwalimu Kinoti. Mjomba alipotaka kunishusha, yeye alimwambia, "Muache kidogo, mzee," akasimama kando yangu akinishikia kopo la rangi. Lilikuwa kopo dogo tu, lakini alilishika kwa mikono miwili, na bado rangi ilimwagikia viatu vyake.