Mguu wa Cherehani

Gari lilikuwa zima mpaka jana jioni, mwalimu wa fizikia alipoamua kulitengeneza. Hakuna aliyemtuma. Alifunua boneti, akakuta mafuta ya klachi yamekuwa meusi kama maji ya kuoshea masufuria, akaapa kwamba hamsafirishi mama yake na uchafu ule. Akayamwaga, akatia mapya, akalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi alikanyaga klachi, pedali ikazama hadi sakafuni na isirudi. Kuingiza gia, gari likasaga meno.

Sasa ilikuwa saa nne na nusu. Hospitali ya macho ilikuwa mwendo wa saa mbili, basi la huko liliondoka alfajiri, na mama alitakiwa kwa daktari wa upasuaji saa nane kamili. Jicho la kushoto lilishazima. La kulia ndilo lililobaki, na zamu hii waliingoja mwaka mzima.

"Ni upepo, mama. Umeingia kwenye bomba. Mafuta hayabonyei, ila upepo unabonyea, ndiyo maana..."

"Mwanangu, mimi si mwanafunzi wako. Niambie nifanye nini."

Mkewe alikuwa kazini, kwa hiyo mama ndiye aliyeketi nyuma ya usukani, kavaa nguo zake za safari, mkoba mapajani. Mwalimu akajipenyeza chini ya gari. Akachomeka kimpira kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili akaiacha ndani ya chupa tupu.

"Kanyaga! Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Analegeza skrubu, mafuta yanatema mapovu, anakaza. "Achia!" Mara kumi. Mara ishirini. Akatoka kutazama kikopo cha mafuta: kimejaa. Akapapasa bomba zima: kavu. Akatazama saa. Akarudi chini. Mara thelathini, na pedali bado tepetepe kama ndizi iliyoiva mno.

Jirani yake, dereva wa lori, alikuwa ameegemea ukuta na mswaki mdomoni. "Mwalimu! Hilo gari ni la barabarani au la maabara?"

"Msalimie mama yangu kwanza, ndipo ucheke."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Cheka tu, hata mimi nacheka."

"Tulisukume, Mwalimu, uingize gia kwa nguvu."

"Na likizimika mlimani, nani atalisukuma? Mama?"

"Aa, basi. Mimi sina shahada."

Ilimchoma, kwa sababu alijua shahada ile ilitoka wapi. Ilishonwa. Miaka arobaini mama alikanyaga cherehani, akishona sare za watoto wa watu ili wake asome, macho yakiondoka tundu kwa tundu la sindano. Na leo msomi aliyelipiwa kwa macho ya mtu anashindwa kutoa upepo kwenye kibomba kisichofika urefu wa mwanafunzi wake! Elimu gani hiyo? Akaitupa spana kwa hasira, ikabingiria hadi upande wa usukani.

Alipotambaa kuifuata, uso wake ukawa sawa na miguu ya mama.

"Kanyaga, mama. Shikilia," akasema polepole.

Mguu ukashuka. Ukatulia kidogo. Kisha kisigino kikazama, vidole vikapanda, vikashuka, vikapanda.

"Nimeshikilia," mama akasema kwa uhakika.

"Mama, mguu unacheza."

"Hauchezi." Akausikiliza. "Kumbe! Ni cherehani hiyo. Mguu huu haujui kusimama, mwanangu. Ukisimama, kazi imelala."

Kumbe kila skrubu ilipofunguka, mguu ulipanda, na bomba likanyonya upepo ule ule uliotoka. Mwalimu alitaka kusema jitahidi, akalimeza neno. Miaka arobaini haifumuliwi kwa saa moja. Lakini je, bomba likinyonya mafuta badala ya upepo?

Akamimina mafuta mapya chupani, akaizamisha ncha ya kimpira mpaka chini kabisa.

"Wewe usiye na shahada, njoo! Kikopo hiki cha mafuta kisikauke, uwe unaongeza."

"Leo nimeajiriwa," dereva akasema, akaruka ukuta.

"Mama, usishikilie tena. Shona."

"Nishone nini?"

"Chochote. Usisimame mpaka niseme."

"Basi nashona suruali ya mkuu wako wa shule. Kile kiuno, tutafika kesho!"

Mwalimu akarudi chini, akalegeza skrubu, mguu ukaenda. Mapovu yakatoka makubwa kama maharage, yakawa ulezi, yakakoma. Mwalimu akahesabu mikanyago mingine kumi, akakaza skrubu. "Basi!"

Mama akakanyaga mara moja. "Imekuwa ngumu. Inanisukuma."

Saa sita kasoro dakika kumi gia ya kwanza iliingia bila kelele. Mwalimu alitazama saa, barabara, tena saa. Pembeni yake, kwenye kiti cha abiria, mguu wa mama uliendelea kushona.

"Nikitikisika mezani kwa daktari je?"

"Wanashughulikia jicho, mama, si mguu."

"Basi kanyaga mafuta," mama akasema. "Mguu wako wewe ndio uliolala."