Sifuri ya Kwetu

Kazi yangu hapa Sydney ni kuhesabu watu nisiowajua. Ofisi yetu inakadiria ni wangapi, katika kila nchi, waliozaliwa na ugonjwa mmoja adimu wa misuli, wa kurithi. Nchi nyingine hutuma orodha ndefu. Kenya, kwetu, haikutuma kitu, na mkuu wangu, mwanamke mpole kupita kiasi, akaniambia niandike sifuri tumalize.

Nilikasirika, nikasema sawa. Kwa kusema sawa, mimi ni bingwa.

Dada yangu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akiinuka sakafuni kwa kujikwea mwenyewe: mikono magotini, kisha mapajani, mpaka asimame. Majirani walisema amerogwa. Miaka mingi baadaye, hapa kazini, nilionyeshwa video ya mgonjwa akiinuka vilevile. Nilijifungia msalani hadi wenzangu wakaenda kula.

Jumamosi nikampigia mama simu kutoka chumbani kwangu, mtaa wa Rooty Hill. Nilitaka karatasi yoyote ya hospitali yenye jina la dada, maana asiyeandikwa na daktari hatumhesabu.

"Hakuna," mama alisema. "Tungempeleka wapi, na watu wanatuangalia? Achana na hayo, mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula, wala sikuwa na mtu wa kula naye.

Jumatatu nilifuta sifuri, nikaandika "haijulikani". Mkuu akauliza kama kuna mgonjwa ninayemjua huko. Nikasema hapana. Mara ya pili hiyo kumkana dada.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa. Karani wa sensa alifika, na mama, kama kawaida akija mgeni, akamwingiza dada chumba cha nyuma. Karani akauliza watoto ni wangapi. Mama akababaika. Mimi, kwa kiherehere changu, nikamjibia: wawili, mimi na kaka. Karani akaandika namba mlangoni kwa chaki, akaenda zake.

Dada alikuwa amesikia kila kitu. Nilipoingia aliniuliza taratibu, "Na mimi je?"

Niliona aibu. Nikamwambia karani atarudi kumwandika yeye peke yake.

Akaniomba nimvalishe gauni lake la kanisani, akakaa kitandani kumsubiri.