Sauti Mbili za Waya

Alikuwa fundi mitambo wa redio, na mtaa mzima ulimwita Waya. Jioni, meza ya chakula ikishafutwa, alifungua kompyuta na kuhudumia programu yake ya kusoma maandishi kwa sauti. Ilikuwa programu huria: yeyote aliweza kuichukua bure, kuifungua ndani na kuirekebisha. Aliianza kwa ajili ya mjomba wake, mwalimu mstaafu aliyepoteza uwezo wa kuona. Kumbe wengi waliihitaji, hata watu wa nchi za mbali asiowajua.

Siku moja mjomba akapewa na binti yake kompyuta ya aina nyingine kabisa. Binti akajaribu kuijenga programu humo, yaani kuyaunganisha mafaili yake yote yawe kitu kimoja kinachofanya kazi. Ikagoma.

"Kwako inasema, kwangu bubu," mjomba alilalamika kwenye simu. "Inanionea haya?"

"Subiri kidogo, mjomba. Itapiga domo mpaka uichoke."

Shemeji yake, mpiga picha za harusi, alikuwa na kompyuta ya aina ile. Akaileta Jumamosi asubuhi, ameikumbatia kama kichanga.

"Ukiniharibia, shemeji, nitapiga harusi kwa penseli."

"Kwa picha zako zile, nani atajua tofauti?"

Waya akaketi. Kwake programu ilijengeka vizuri. Kwa shemeji ilikatika katikati, ikidai faili la "Sauti" lina kasoro. Akalitazama kwenye kompyuta yake: faili ni zima. Akabadilisha hiki, akajaribu kile, wapi!

Adhuhuri mama yake akaita kutoka jikoni, "Mama, njoo ule!"

Alikuwa akimwita mjukuu wake, binti wa Waya, ingawa hata Waya mwenyewe alimwita "Mama" tangu utotoni. Mtoto akatoka mbio chumbani, na Waya naye akainuka kitini. Wakagongana mlangoni.

"Nimemwita mama mdogo," bibi akacheka. "Wewe mkubwa umefuata nini?"

Waya akaduwaa. Mkubwa, mdogo. Akageuka, akarudi mezani bila kula.

Ndani ya programu alikuwa ameweka mafaili mawili: "Sauti" kwa herufi kubwa, lenye matamshi, na "sauti" kwa herufi ndogo, la kuongeza na kupunguza kiwango cha sauti. Kompyuta yake iliyahesabu mawili. Ya shemeji haikujali ukubwa wa herufi. Iliyaona kama jina moja, ikaliandika la pili juu ya la kwanza!

Akalibatiza la pili "kiwango", akarekebisha kila lilipotajwa, akajenga upya. Kompyuta ya shemeji ikatamka, "Karibu." Shemeji akaruka, mtoto akapiga makofi. Waya akajaribu na kwenye yake, nayo ikaitika. Basi akawatumia watumiaji wote marekebisho, binti wa mjomba akiwa wa kwanza.

Kufikia alasiri mjomba alikuwa akisomewa habari za mpira. Waya alipopiga simu alikuta ugomvi.

"Kipa gani huyo unayemsifia?" mjomba alikuwa akiifokea kompyuta. "Kadaka nini?"

Kompyuta ikaendelea kusoma, haikumjali. Na mjomba, kwa furaha yake yote, akaendelea kubishana nayo.