Garasa na Kahawa

Harufu ya poda hunirudisha mkekani, kwenye ukumbi wa nyanya yangu, Malindi. Baada ya alasiri alizipaka karata zake poda, maana zilikuwa kuukuu na zilinatana kwa jasho letu. Kisha tulicheza wanne: mimi na yeye upande mmoja, shangazi zangu wawili upande wa pili.

Siku moja nilipata garasa tupu, zile karata ndogo zisizo na thamani yoyote. Nikanuna. Shangazi zangu wakanitazama, wakacheka, wakateremsha rei zao, karata za thamani kubwa, bila hofu. Walitufunga vibaya.

"Uso wako umecheza kabla ya mkono," nyanya akaniambia. "Ukipata mbaya, mwanangu, omba kahawa."

Mchezo uliofuata alizifungua karata zake, uso ukamng'aa. "Hebu nitilieni kahawa!" Shangazi zangu wakaingiwa na wasiwasi, wakazibana rei zao mpaka turufu zangu zikazila, moja baada ya nyingine. Tukashinda. Wakati shangazi zangu wakibishana, nilizipindua karata alizobaki nazo nyanya. Zote garasa, hata moja ya kujivunia hamna.

Leo asubuhi, nilipomaliza kumkogesha, nilimpaka poda mgongoni. Mbavu zake zilihesabika chini ya kiganja changu.

"Wajionaje leo, nyanya?"

Uso ukamng'aa. "Nitilie kahawa, mwanangu."

Nikamtilia. Kisha nikajitilia na mimi.