Mizinga Arobaini ya Magome

Neno "asili" linanitia kinyaa. Nikiliona kwenye sabuni, mafuta ya nywele au unga wa mlonge, natamani kulibandua kwa kucha. Na aibu yenyewe ni kwamba nimelibandika kwa mkono wangu kwenye chupa nyingi za asali kuliko ninazoweza kukumbuka.

Nilirudi Tabora kutoka Dar nikiwa hoi. Presha ilikuwa juu, usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, na daktari alinionya kwamba nisipopunguza mbio nitaanguka ofisini. Nikaanza maisha mapya kwa bidii ya mlokole wa jana. Nikatupilia mbali mifuko ya plastiki, maji nikayaweka kwenye mtungi, biskuti nikazibadilisha kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kila alfajiri nikatembea kuelekea Kwihara kwenye njia waliyopita wapagazi wa zamani na pembe zao za ndovu. Nilijisikia msafi. Nilikuwa nawahubiria majirani mpaka walipoanza kunikwepa.

Kisha nikaanza kuuza asali, niliyoitoa kijijini Ipole kwa baba yangu mdogo. Baba alipofariki nikiwa darasa la pili, yeye ndiye aliyenilea, na sijamjua mtu mwenye furaha ya bei rahisi kama yeye. Alikuwa na shamba la mahindi, kipande cha pori alichoachiwa na babu, na nyuki. Mizinga yake ilikuwa ya mbao, masanduku aliyoyapaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye milango ya kanisa la Moraviani.

Masanduku yale hayakunipendeza. Niliyapiga picha, nikaona hayana mvuto. Nilitaka ile ya zamani, ya gome la mti lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba za miti, niliyokuwa naiona utotoni. Mwenye nyumba moja ya wageni pale mjini naye alikuwa ameniulizia kama ningempatia michache, aitundike barazani na kuweka taa ndani yake. Mzinga wa nyuki ugeuzwe kifuniko cha taa! Siku hiyo niliona ni wazo zuri sana.

Baba mdogo aliposikia aliniambia kwamba walishaacha magome, kwa kuwa mti ukivuliwa gome kuuzunguka hauishi. Nikamjibu kwamba pori ni kubwa. Nilimwambia hivyo mtu aliyelifahamu pori lile mti kwa mti, nami nilikuwa nimekuja kwa basi na miwani ya jua kichwani.

Akaniuliza ninahitaji mingapi. Nikasema arobaini.

Mzee wa kwetu hamnyimi mtoto wa kaka yake, hasa mtoto mgonjwa. Zilikuwa siku za mvua, magome yanabanduka kwa urahisi, na kabla ya masika kuisha mizinga ilifika Tabora juu ya basi. Mingine ilikwenda kwa yule wa taa, mingine niliipanga uani kwangu ili wateja wapige picha. Hakuna hata mmoja ulioingiwa na nyuki. Asali niliyoiuza kwa picha zile ilikuwa bado inatoka kwenye masanduku ya buluu.

Sikukanyaga Ipole mwaka mzima na zaidi. Asali ilipoanza kuja kidogo kidogo, kisha ikakatika, nililalamika kwenye simu. Mwezi wa kumi nikapanda basi kwenda kuuliza vizuri.

Mwezi huo, kabla ya mvua, miyombo na mitundu huchipua majani mekundu na pori lote huonekana jipya. Kwenye kipande cha babu hakukuwa na wekundu. Miti ilisimama uchi kuanzia usawa wa magoti hadi juu ya kichwa changu, mbao zimepasuka, utomvu umeganda mweusi, na wadudu wametoboa kila mahali. Chini palinuka uozo. Nilihesabu mpaka thelathini na kitu nikaacha. Masanduku ya buluu yalikuwa palepale, matupu. Nyuki hawakuwa na maua ya kuwakalisha, wakahama.

Nilimkuta baba mdogo nyumbani kwake, nikamuuliza kwa nini hakwenda kuvua magome mbali. Akasema kwa upole kwamba kule ni hifadhi, angekamatwa, na mimi nilikuwa na haraka.

Aliyasema hayo bila kuacha kazi. Alikuwa anafunga kwenye vijiti majani mabichi ya tumbaku aliyoimwagilia bondeni kiangazi kizima. Kilimo hicho alikikataa maisha yake yote, akisema kinakula pori na kifua cha mtu. Sasa nyuki hawapo, na miti yangu arobaini ilikuwa inakatwa kuni za bani, banda la kukaushia tumbaku yake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa ulimbo unaonata, vinanuka, na alikuwa anakohoa. Miaka sabini na moja. Harufu ile ilinichefua, kisha nikajichefua mimi mwenyewe kwa kuziba pua mbele yake.

Alinipa kigoda nikae. Akaniangalia usoni kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiniangalia nikitoka shule na homa.

"Mwanangu, ulisema umekuja huku upumzike. Umepumzika?"

Presha yangu imeshuka. Nalala mpaka jogoo wa jirani aniamshe. Wiki ile daktari alikuwa amenisifu, akataka anitume nikaongee na wagonjwa wengine.

"Nimepumzika, baba."

"Basi vizuri," alisema, na akafurahi kwelikweli, akaokota jani jingine.